Paa la basi halitanuki: Mwanga mmoja kuzaa nguvu mbili

KAMPALA. Februari 2016, basi la Kayoola lilizinduliwa katika uwanja wa Namboole, pembezoni mwa Kampala. Basi hilo la viti 35 lilitengenezwa na Kiira Motors, kampuni iliyochipuka kutoka Chuo Kikuu cha Makerere. Lilibeba paneli za sola juu ya paa, na betri zake ziliweza kulipeleka kilomita 80 hivi.

Lakini paa la basi halitanuki. Jua la adhuhuri kwenye Ikweta humwaga takriban wati 1,000 katika kila mita ya mraba, nazo paneli za kawaida hugeuza kama sehemu moja kati ya tano tu kuwa umeme. Hata ikiundwa kwa ustadi wote, paneli ya silikoni peke yake haiwezi kufika asilimia 30.

Sehemu ya hasara hiyo hutokana na rangi ya mwanga. Fotoni ya bluu ina nishati kupita ile ambayo silikoni inahitaji ili kusukuma elektroni moja. Ziada hugeuka joto. Ni kama konda wa teksi anayepokea noti ya shilingi 5,000 kwa nauli ya 2,000, kisha asirudishe chenji.

Tetrasini na pentasini, molekuli za kaboni na hidrojeni, zinaweza kuirudisha. Zikipigwa na fotoni moja huzaa eksitoni, yaani kifurushi cha nishati, ambacho hugawanyika kuwa viwili. Wanasayansi walilidokeza jambo hilo mwaka 1965. Mwaka 2013, watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walionyesha seli ya pentasini ikitoa elektroni zaidi ya moja kwa fotoni moja, na mwaka 2019 wakafanikiwa kupitisha nishati ya tetrasini hadi ndani ya silikoni.

Ugumu ni kwamba pacha hao hawaachani papo hapo. Wakirudiana kabla ya kuvunwa, faida yote hupotea. Ndiyo maana watafiti wanawafuatilia kwa spini, ile tabia ya elektroni kuwa kama sumaku ndogo. Kila pacha ana spini 1. Wawili wakiungana, jumla yao huwa 0, 1 au 2. Ikiwa 0, hawaonekani kwa sumaku. Ikiwa 2, hali iitwayo kwinteti, hujibu.

Sampuli huwekwa kati ya sumaku, hupigwa leza, kisha hupimwa kwa mawimbi mafupi ya redio, mbinu iliyobuniwa na Yevgeny Zavoisky mjini Kazan mwaka 1944. Kwa njia hiyo kwinteti zilitambuliwa katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017. Sasa mkemia anaweza kujua ni mpangilio upi wa molekuli unaowatenganisha pacha mapema.

Kwa hesabu za kinadharia, mbinu hii inaweza kupandisha kikomo cha paneli hadi karibu asilimia 45. Paneli hizo bado hazijafika sokoni. Zikifika, basi lenye paa lilelile litavuna umeme mwingi zaidi kutoka jua lilelile la Kampala.