Michezo milimani: hewa yenye oksijeni kidogo inajenga mwili wa mtu aliyepumzika

Asubuhi mapema, katika barabara za Goma, Bukavu na Butembo, vijana wanakimbia kwa vikundi huku wakiimba na kupiga makofi. Wengi wao wanaamini kwamba kuzaliwa milimani kunatosha kumpa mtu pumzi isiyoisha. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haujakamilika. Hewa ya juu inaweza kumwongezea mwanamichezo nguvu, na inaweza pia kumwangusha. Yote yanategemea damu aliyo nayo, chakula anachokula na muda anaoupa mwili wake upumzike.

Kinachopungua ni nini?

Katika hewa tunayovuta, oksijeni ni asilimia 21, iwe Moanda kando ya bahari au juu ya mlima Karisimbi. Kinachobadilika ni msukumo wa hewa. Kadiri mtu anavyopanda, hewa iliyo juu yake inapungua, msukumo unashuka, na kila pumzi inapeleka oksijeni kidogo zaidi katika damu.

Kinshasa iko kwenye mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari. Goma na Bukavu ziko karibu na mita 1500, na hapo msukumo wa oksijeni ni kama asilimia 84 ya ule wa pwani. Kwenye kilele cha Margherita katika Rwenzori, mita 5109, mpakani mwa nchi yetu na Uganda, unabaki zaidi kidogo ya nusu.

Mtu anayetembea polepole Goma hasikii tofauti. Anayekimbia kwa nguvu zote anaisikia. Moyo unapiga haraka zaidi, pumzi inakuwa fupi, na misuli inalazimika kutafuta nguvu kwa njia isiyotumia oksijeni, ile inayoleta moto katika mapaja. Wataalamu wanakadiria kwamba kuanzia mita 1500, kila mita 100 za kupanda zinaondoa karibu asilimia moja ya uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni.

Shida kubwa zaidi inakuja baada ya mbio. Misuli inahitaji oksijeni ili kujaza tena akiba yake ya nguvu. Ikiwa oksijeni ni kidogo, kazi hiyo inachukua muda mrefu. Ndiyo sababu mchezaji wa mpira aliyetoka chini anaweza kukimbia vizuri mara ya kwanza na ya pili, lakini mara ya kumi miguu inakataa.

Funzo la Mexico 1968

Dunia ilifahamu jambo hili vizuri kwenye Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 mjini Mexico, ulio kwenye mita 2240. Mbio za mita 10000 zilishindwa na Mkenya Naftali Temu, mtoto wa milima, kwa dakika 29 na sekunde 27. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Kenya katika Olimpiki. Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya dakika 27 na sekunde 39, alimaliza wa sita, akaanguka na kupoteza fahamu. Hata mshindi alikuwa nyuma ya rekodi kwa karibu dakika mbili. Waafrika walishinda mbio zote za wanaume kuanzia mita 1500 hadi maratoni.

Katika mashindano hayohayo, Mmarekani Bob Beamon aliruka mita 8,90 na kuipita rekodi ya dunia ya kuruka mbali kwa sentimita 55. Hewa nyepesi haimzuii sana mtu anayeruka au anayekimbia mbio fupi, kwa sababu kazi yake inaisha kabla mwili haujadai oksijeni nyingi. Anayeumia ni yule wa mbio ndefu, na mchezaji wa dakika 90.

Katika mpira, mfano unaotajwa mara nyingi ni wa La Paz, Bolivia, kwenye mita 3600 hivi. Tarehe 1 Aprili 2009, Argentina iliyofundishwa na Diego Maradona ilifungwa huko mabao 6 kwa 1. Miaka miwili kabla, FIFA ilikuwa imejaribu kukataza mechi za kimataifa katika miji ya juu sana. Nchi za milima zilipinga, na katazo hilo likasimamishwa mwaka 2008.

Mwili unajijenga polepole

Mtu anapofika juu, figo zinatambua upungufu wa oksijeni ndani ya saa chache na kutoa homoni iitwayo EPO. Homoni hiyo inaamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, zile zinazobeba oksijeni. Lakini amri inatolewa haraka na kazi inachukua wiki. Mwanamichezo anahitaji kama wiki tatu au nne juu ili damu yake ibadilike vya kutosha.

Siku za mwanzo ni ngumu. Mwili unapoteza maji kwa pumzi na kwa mkojo, usingizi unakatika, hamu ya chakula inashuka. Kocha anayelazimisha mazoezi makali katika wiki ya kwanza anawachosha wachezaji wakati miili yao bado inajipanga. Kazi ya siku hizo ni mbio nyepesi, maji ya kutosha, chakula cha kutia nguvu na usingizi mrefu.

Mwaka 1997, watafiti Benjamin Levine na James Stray-Gundersen walionyesha kwamba wakimbiaji walioishi juu, kwenye mita 2500, na kushuka kufanya mazoezi kwenye mita 1250, waliboresha mbio zao kuliko walioishi na kufanya mazoezi palepale juu. Walipokuwa juu walipata damu nzuri. Walipokuwa chini waliweza kukimbia kwa kasi ambayo hewa ya juu ingewanyima.

Wakimbiaji wa Iten, Kenya, wanaishi kwenye mita 2400 hivi, lakini rekodi zao kubwa zinawekwa katika miji ya chini. Eliud Kipchoge alikimbia maratoni Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Kelvin Kiptum aliweka rekodi ya saa 2 na sekunde 35 Chicago mwaka 2023.

Timu za Kivu zinapata faida gani?

Timu ya Kinshasa inayofika Goma inakuta oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ile iliyozoea. Wenyeji wanapata faida kidogo, hasa katika dakika za mwisho. Lakini mita 1500 si juu sana. Kwa kawaida damu inaanza kubadilika vizuri kuanzia mita 2000 hivi, na sehemu za Lubero au Masisi zinafika huko. Vita vimefunga njia nyingi za kwenda huko kwa utulivu.

Timu ya mlima inayoshuka Kinshasa nayo inakutana na adui mwingine: joto na unyevunyevu. Mwili unatuma damu kwenye ngozi ili ujipoze, na misuli inapata kidogo. Faida ya mlima inaweza kupotelea hapo kama wachezaji hawakupewa siku za kuzoea joto.

Damu kwanza

Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa vijana wetu. Mwili hauwezi kutengeneza chembe nyekundu bila madini ya chuma. Kijana mwenye upungufu wa damu, aliyetoka kuugua malaria, au msichana anayepoteza damu nyingi kila mwezi, hapati faida ya milima. Anapata uchovu tu, na mara nyingi kocha anamwita mvivu. Kupima hemoglobini katika kituo cha afya ni jambo la kufanya kabla ya kumlaumu. Vidonge vya chuma visinywewe bila kipimo, kwa sababu chuma kikizidi kinadhuru.

Chakula cha nyumbani kinasaidia: maini, nyama, sambaza au ndagala, maharagwe, lengalenga na sombe. Chuma cha mboga kinaingia vizuri zaidi kikiliwa pamoja na machungwa au nyanya. Chai na kahawa zinakizuia, kwa hiyo zingoje saa moja au mbili baada ya chakula.

Jambo la pili ni drepanositozi, ugonjwa ambao wengi wanauita SS. Mtu wa SS asiingie mazoezi makali wala kupanda milima mirefu bila ruhusa ya daktari. Wengi hawajui kwamba hata mtu wa AS, ambaye kila siku anajisikia mzima, anaweza kupata matatizo akijilazimisha juu sana. Chembe zake zinaweza kubadilika umbo kwa kukosa oksijeni na kuziba mishipa ya bandama. Maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, huko mlimani, ni sababu ya kushuka na kwenda hospitali bila kuchelewa. Kujua kama wewe ni AA, AS au SS si jambo la wachumba peke yao.

Kwa wanaopanda, na wanaonunua maski

Kuanzia mita 2500, mtu yeyote anaweza kupata ugonjwa wa mlima, hata mwenye mazoezi mengi. Nyiragongo inafika mita 3470. Kichwa kikiuma, ukasikia kichefuchefu na kizunguzungu, usiendelee kupanda. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, ashushwe palepale, hata kama ni usiku. Juu ya mita 3000, usiku wa leo usilale zaidi ya mita 500 juu ya mahali ulipolala jana.

Kuhusu maski za mazoezi zinazouzwa kwa ahadi ya kuleta hewa ya mlima, hazifanyi hivyo. Zinafanya kuvuta hewa kuwe kugumu tu, lakini msukumo wa hewa unabaki uleule, na damu haibadiliki.

Kipimo kimoja hakina gharama. Kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani, weka vidole kwenye mshipa wa mkono na uhesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Andika namba hiyo. Ikipanda mapigo kumi au zaidi juu ya kawaida yako, na miguu ni mizito, mwili haujamaliza kujijenga. Siku hiyo kikundi kikipita kikiimba, kiache kiende, urudi nacho kesho.