Msitu wa Tshopo na kalamu ya gavana

Pale Mto Kongo unapoporomoka kwa mara ya mwisho kabla ya kutulia mbele ya Kisangani, wavuvi wa Wagenia huchomeka miti mirefu kwenye matundu ya mwamba, huifunga kwa mitambaazi ya msituni, kisha hutundika vikapu vikubwa vyenye umbo la pia, midomo ikielekea mkondo unakotoka. Samaki anayesukumwa na maji huingia ndani, na nguvu ya mto haimwachii nafasi ya kugeuka. Msomaji wa Pemba au Lamu ataliona hapo dema la kwao, ila dema hulazwa chini ya maji, wakati hapa mvuvi hupanda jukwaani kama fundi wa ghorofa huku maji yakinguruma chini ya nyayo zake.

Hayo ni maporomoko ya saba na ya mwisho ya Boyoma. Kati ya Ubundu na Kisangani, kwa mwendo wa kilomita 100 hivi, mto hushuka takriban mita 60, na hakuna meli inayoweza kupita. Ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli ya kuzunguka maporomoko hayo, iliyofunguliwa mwaka 1906.

Watalii hupiga picha majukwaa. Mwanasayansi angeangalia zaidi malighafi. Nguzo ni miti ya msitu wa karibu, na kamba na vikapu ni mitambaazi na henzirani, mmea unaoparamia miti mikubwa na usiostawi vizuri pasipo miti hiyo. Maji ya mto hula mbao na kamba, kwa hiyo mtego haumaliziki kujengwa: kila msimu kuna kipande cha kubadilisha. Uvuvi huo, kwa maneno mengine, una deni la kudumu kwa msitu, na msitu ukisogea mbali, gharama ya samaki hupanda kabla samaki wenyewe hawajapungua.

Wataalamu wa sera huuita mpangilio wa namna hii uchumi wa kibayolojia: chakula, nishati, dawa, vifaa vya ujenzi na malighafi za viwanda zinazotokana na mimea, wanyama na vijidudu, badala ya mafuta ya petroli na madini. Unaitwa endelevu pale tu kinachochukuliwa kisipozidi kinachoota upya. Kwa nchi inayotajwa duniani kwa kobalti na shaba, habari hii husikika kidogo. Lakini Tshopo, jimbo la Kisangani, lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 200,000, ndilo kubwa kuliko majimbo yote 26 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na sehemu yake kubwa ni msitu. Lilizaliwa mwaka 2015, lililokuwa Jimbo la Mashariki lilipogawanywa kuwa majimbo manne. Likitaka kula kwa jasho lake, litakula kutokana na kinachoota.

Wala halianzii sifuri. Kilomita 100 hivi chini ya Kisangani, ukingo wa kulia wa mto, iko Yangambi. Hapo, kuanzia mwaka 1933, taasisi ya utafiti wa kilimo ya wakoloni, INEAC, ilijenga kituo kilichokuja kuwa miongoni mwa vikubwa kabisa katika Afrika ya tropiki. Mwaka 1941 watafiti wake wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walichapisha ugunduzi uliobadili biashara ya mafuta ya mawese duniani kote.

Jambo lenyewe lilihusu ganda la kokwa. Kuna mchikichi aina ya dura, wenye kokwa la ganda nene na nyama kidogo. Kuna pisifera, usio na ganda, lakini maua yake ya kike kwa kawaida hayazai vizuri. Na kuna tenera, wenye ganda jembamba na nyama tele, yaani mafuta tele. Kwa muda mrefu tenera ilidhaniwa kuwa aina ya pekee inayojitegemea. Watafiti wa Yangambi walionyesha kwamba ni mtoto wa dura na pisifera, na kwamba ganda hurithiwa kwa kanuni sahili: ukivusha chavua ya pisifera kwenye ua la dura, watoto wote huwa tenera. Ukipanda mbegu iliyotokana na tenera wawili, nusu tu ya miche hurudi kuwa tenera, robo huwa dura na robo pisifera.

Hesabu hiyo ndogo ina uzito mkubwa wa kisera, na inashangaza jinsi inavyosahauliwa katika mikutano. Mkulima anayeokota kokwa chini ya mchikichi wake bora na kuzipanda hupata shamba lililochanganyika, kisha hulaumu udongo. Mbegu nzuri haiwezi kutunzwa nyumbani kama ya mahindi ya kienyeji. Lazima pawepo shamba la wazazi, watu wa kuvusha chavua kwa mkono, na mnyororo wa kuwafikishia wakulima miche kila mwaka. Asia ilifanya hivyo. Mashamba yake yalitokana na michikichi minne ya dura yenye asili ya Afrika iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Ujuzi wa mwaka 1941 ulipofika huko, pamoja na vizazi vya pisifera vya Yangambi, Malaysia na Indonesia zikaitawala biashara ya mawese. Kongo, iliyokuwa muuzaji mkubwa hadi uhuru, leo huagiza mafuta ya kula kutoka nje.

Kituo hakikufa. Kinaendeshwa na INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Kina mkusanyo wa mimea mikavu ipatayo 150,000 na shamba la hifadhi ya aina za kahawa ya robusta, zao ambalo mama yake mwitu bado anaota katika misitu ya bonde hili. Tangu mwaka 2020 pana mnara wenye urefu wa mita 55 unaopima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka msituni. Chuo Kikuu cha Kisangani hufundisha wanamisitu wanaofanya utafiti huko huko. Kwa hiyo anayesema Tshopo linakosa sayansi hajafika Yangambi. Kinachokosekana ni daraja kati ya maabara na bajeti ya jimbo.

Jimbo lina mamlaka gani hasa? Mengi kuliko watu wanavyodhani, na fedha kidogo kuliko katiba inavyosema. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 204, inaziachia serikali za majimbo mipango ya kilimo na utekelezaji wa sheria za taifa kuhusu kilimo, misitu, uwindaji na uvuvi. Ibara ya 175 inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa katika jimbo yabaki jimboni moja kwa moja. Utekelezaji wa kifungu hiki cha pili umekuwa wimbo wa malalamiko ya magavana karibu wote tangu wakati huo: fedha hupanda Kinshasa kwanza, kisha hurudi pungufu na kwa kuchelewa.

Kalamu, hata hivyo, haihitaji kusubiri Kinshasa. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 inaruhusu jamii kupewa msitu inaoumiliki kimila, na dekrii ya Agosti 2014 inaweka ukomo wa hekta 50,000 kwa kila jamii, bila malipo ya ununuzi na bila kikomo cha muda. Anayetia saini hati hiyo ni gavana wa jimbo. Katika Tshopo, jamii za Bafwasende na kwingineko zimekwisha kupata hati za namna hiyo. Gavana ndiye pia anayewaidhinisha wakata mbao wadogo, wale wenye msumeno wa injini wanaopasua gogo papo hapo msituni. Hapo ndipo upotevu mkubwa unapotokea, maana sehemu kubwa ya mti hubaki chini kama maranda, mabanzi na matawi, huku mji ukiagiza mkaa kutoka mbali zaidi kila mwaka.

Mkaa unastahili neno moja tu hapa, kwa sababu umekwisha kuandikwa sana. Mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kati ya mwaka 2009 na 2013 ulichunguza nishati ya kuni katika Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, na mashamba ya miti ya kukua haraka pamoja na matanuru bora yalijaribiwa. Mbinu zinajulikana. Baiskeli zinazoingia Kisangani na magunia zinaonyesha kwamba kujua hakujatosha.

Jambo lenye utata mtamu zaidi ni la viwavi. Kila mwaka, mvua zinapobadilika, masoko ya Kisangani hujaa mbinzo, viwavi vinene vinavyopikwa vikiwa vibichi au vilivyokaushwa. Ni protini, ni mafuta, na ni fedha mkononi mwa akina mama wachuuzi katika miezi ambayo nyama na samaki huadimika. Baadhi ya wanaopendwa sana huishi kwenye majani ya sapelli, mti ule ule ambao mbao zake nyekundu husafirishwa hadi Ulaya kutengeneza milango na gitaa. Kampuni inaona mita za ujazo, na kijiji kinaona mboga. Wote wawili wanautazama mti mmoja.

Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kisangani, walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa jambo hilo katika maeneo ya ukataji mbao ya Tshopo, wakiangalia sapelli na mti mwingine wa viwavi, tali. Swali lao lilikuwa la kivitendo: je, mbao na viwavi vinaweza kutoka katika msitu mmoja? Kongo hairuhusu sapelli kukatwa kabla shina halijafikia kipenyo cha sentimita 80, na miti iliyo chini ya hapo huendelea kulisha viwavi. Kwa hiyo mengi hutegemea mti upi unakatwa, na uko umbali gani na kijiji, kwani mama anayeokota viwavi hatembei siku nzima kwa ajili ya kapu moja. Mti wa sapelli ulio saa moja kutoka kijijini una thamani tofauti na ulio mwendo wa siku mbili, ingawa kwa orodha ya kampuni yote ni sawa. Sera ya jimbo ingeweza kuingiza tofauti hiyo katika mikataba kati ya kampuni na vijiji, ambayo sheria tayari inailazimisha. Ni kazi ya karatasi mbili na kalamu moja, na haihitaji mfadhili.

Mifano ya nje ipo. Jimbo la Pará, kaskazini mwa Brazil, lilizindua mpango wake wa uchumi wa kibayolojia mwaka 2022, na lina hoja ya kuonyesha: zaidi ya asilimia 90 ya açaí ya Brazil, tunda la mti mwitu wa jamii ya minazi unaoota mabondeni, hutoka huko. Karibu zaidi, pembezoni mwa msitu wa Kakamega nchini Kenya, kikundi cha wakulima cha Muliru kilishirikiana na kituo cha utafiti cha icipe cha Nairobi kulima mrihani wa dawa, kukamua mafuta yake hapo hapo na kuuza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Kikundi kilipata Tuzo ya Ekweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2010. Cha kujifunza ni mtambo wa kukamulia: uliwekwa kijijini, kwa hiyo kilichosafirishwa kilikuwa chupa ndogo yenye bei kubwa. Kwa Tshopo, ambalo mji wake wa Kisangani uko zaidi ya kilomita 1,700 za mto kutoka Kinshasa, hesabu ya uzito na bei ndiyo kila kitu. Fumbwa, mboga ya majani ya msituni, ikiwa mbichi huoza njiani, wakati fumbwa iliyokaushwa na kufungwa vizuri hufika.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina mkakati wa uchumi wa kibayolojia, wa kuanzia 2021/22 hadi 2031/32, ulioratibiwa na tume yake ya sayansi na teknolojia, EASTECO, iliyoko Kigali. Uliandaliwa wakati Kongo haijajiunga, kwani nchi hiyo ilitia saini mkataba Aprili 2022. Msitu mkubwa kuliko yote ndani ya Jumuiya uliingia baada ya ramani kuchorwa.

Kinshasa imechora ramani nyingine. Januari 2025 serikali ilitangaza Ukanda wa Kijani kutoka Kivu hadi Kinshasa, wenye kilomita za mraba 540,000, ukiahidi kilimo, nishati na usafirishaji wa chakula kwa mto pasipo kumaliza msitu. Kisangani iko katikati yake, pale barabara za mashariki zinapokutana na mto.

Na hapo ndipo swali gumu la Tshopo linapokaa. Februari 2023, ukingo wa kushoto wa mto, jamii mbili, Wambole na Walengola, ziliingia vitani kuhusu ardhi. Chanzo kilikuwa eneo la maelfu ya hekta lililotolewa kwa kampuni kwa ajili ya kilimo. Walengola na Wambole wanadai ardhi hiyo kila mmoja kwa historia yake. Mamia ya watu waliuawa, nyumba nyingi zikachomwa, na waliokimbia walijaa mtaa wa Lubunga na ng'ambo, ndani ya Kisangani yenyewe. Kilichopangwa kupandwa huko kilikuwa mazao, aina ile ile ya mradi ambayo mikakati ya kijani huisifu.

Hati ya msitu wa jamii huanzia mahali tofauti: jamii huchora mipaka yake kwanza, majirani huitwa kuithibitisha ardhini, kisha maombi hupanda hadi mezani kwa gavana. Hatua hizo huchukua muda na hugharimu safari za pikipiki, karatasi na chakula cha mikutano, gharama ambazo hadi sasa zimebebwa zaidi na mashirika yasiyo ya kiserikali kuliko na bajeti ya jimbo. Bunge la jimbo linalo uwezo wa kupitisha edikti, yaani sheria ya jimbo, ya kutenga fedha hizo, na linaweza kuanzia na vijiji vilivyo kandokando ya reli ya Ubundu.