Nyama ya Nguruwe: Iive Kabisa, Isikauke

Watu wengi wanaopenda kitimoto huila nje. Huagiza nusu kilo, kavu au rosti, na ndizi za kukaanga pembeni, lakini nyumbani kwao nyama hiyo haiingii jikoni. Ukiuliza sababu utajibiwa mambo mawili: minyoo inatisha, na nyama yenyewe ukiipika inatoka ngumu. Mambo hayo yanazaana. Anayeogopa minyoo huiacha nyama motoni kupita kiasi, na kama alinunua kipande kisicho na mafuta, atakachopakua ni nyuzi kavu. Hakuna haja ya kufika huko. Nyama ya nguruwe inaweza kuiva kabisa na bado ikabaki laini na tamu. Inadai mambo matatu tu: kipande kiendane na moto, chumvi itangulie, na kuivisha kusichanganywe na kukaanga.

Minyoo inayoogopwa

Mdudu anayehusika ni tegu wa nguruwe, ambaye jina lake la kitaalamu ni Taenia solium. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha mtu mwenye tegu humeza mayai. Mayai huanguliwa tumboni mwake, na lava husafiri katika damu hadi kwenye misuli, wakakaa humo ndani ya vifuko vidogo vyeupe vyenye maji. Mtu akila vifuko hivyo vikiwa hai, tegu mzima hukua utumboni mwake na anaweza kufikia urefu wa mita kadhaa. Hili si tatizo la nchi za mbali. Watafiti wamewakuta nguruwe wenye vifuko Mbulu, mkoani Manyara, na katika maeneo ya wafugaji wadogo ya Nyanda za Juu Kusini.

Dawa yake ni joto. Kiini cha nyama kikifika nyuzijoto 71 za Selsiasi, lava wote wamekufa, na hata vijidudu vingi vya kuharisha vimekwisha. Ukiwa na kipimajoto cha nyama, kichome katikati ya kipande kinene kuliko vyote, mbali na mfupa. Usipokuwa nacho, pasua kipande hicho: utomvu utoke mweupe, na pasibaki sehemu mbichi yenye utelezi. Kugandisha nako husaidia. Nyama iliyokaa kwenye friza ya nyuzijoto 10 chini ya sifuri kwa siku 10 au zaidi, vifuko vyake hufa.

Kuna jambo jingine ambalo kila mpishi anapaswa kulijua. Kifafa kinachohusishwa na mdudu huyu hakiletwi moja kwa moja na nyama iliyo sahanini. Huja pale mtu anapomeza mayai ya tegu, yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu, kisha lava wakaingia ubongoni. Mayai hayo hufika mdomoni kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji machafu, au kwa mboga mbichi zilizomwagiliwa maji hayo. Ndiyo maana hata mtu asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua. Nyama ikishaiva sawasawa, kinachohitaji uangalifu mezani ni kachumbari. Osha nyanya, vitunguu na pilipili kwa maji safi yanayotiririka, ukiwa umenawa mikono kwa sabuni, na uzikatie kwenye ubao ambao haujagusa nyama mbichi.

Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, ni habari nyingine kabisa. Huangamiza mazizi na kumfilisi mfugaji, lakini haimwambukizi binadamu.

Mbele ya bucha

Nunua penye nyama iliyokaguliwa na kugongwa muhuri. Mkaguzi hupasua baadhi ya misuli na kutafuta vifuko. Ukaguzi unaweza kukosa vichache, kwa hiyo moto wako ndio ulinzi wa mwisho, lakini anza na nyama iliyopita mikononi mwake. Nyama nzuri ina rangi ya waridi iliyokolea kidogo, mafuta yake ni meupe na magumu, na haina harufu kali wala utelezi. Ukiona vijifuko vyeupe kati ya nyuzi, usinunue.

Baada ya hapo, chagua kipande kwa kuangalia chakula unachotaka kupika. Bega, shingo, mbavu na tumbo vina mafuta na utando mwingi. Utando huo ni kolajeni, na kolajeni ikikaa kwenye joto la nyuzi 70 na kuendelea kwa muda mrefu huyeyuka na kuwa jelatini, ule unato unaofanya mchuzi ushike midomo. Vipande hivi vikiharakishwa hutafunika kwa shida, vikipewa saa nzima huwa laini. Nyama ya mgongoni na sarara ni kinyume chake. Haina utando wa kuyeyusha wala mafuta ya kuilinda, na kila joto linapozidi nyuzi 71 nyuzi zake hujikaza na kukamua maji yaliyomo. Hiyo ikatwe nyembamba na ipikwe upesi. Paja liko katikati: nyama yake ni nyingi na haina mafuta sana, hivyo likatwe vipande vidogo vya rosti au lichemshwe taratibu.

Chumvi itangulie

Wengi hutia chumvi mwishoni pamoja na viungo. Kwa nguruwe, chumvi itiwe saa moja kabla, au tangu jana yake ikiwa una friji. Mwanzoni huvuta maji nje, kisha maji hayo yenye chumvi hurudi ndani na kulegeza protini za misuli, na nyama hubaki na unyevu zaidi inapopikwa. Kilo moja ya nyama inatosheka kwa vijiko viwili vya chai vya chumvi, vilivyo bapa.

Ndimu na siki hazifiki ndani. Hufanya kazi juujuu, na zikikaa muda mrefu huukausha uso wa nyama, kwa hiyo ziongezwe nyama ikishaepuliwa. Tangawizi mbichi, papai bichi na nanasi vina vimeng'enya vinavyokata protini, na ndiyo siri ya wapishi wengi wa nyama ngumu. Tangawizi ni salama kwa kiasi chochote cha kawaida. Papai linahitaji mkono mwepesi: kijiko kimoja cha chakula cha papai lililosagwa kwa kilo, kwa nusu saa. Ukizidisha, nyama hulegea ikawa kama uji.

Kavu ya sufuria moja

Rangi ya kahawia na ile harufu inayoita majirani hutokea uso wa nyama ukifika karibu na nyuzi 140. Maji hayapandi zaidi ya nyuzi 100. Maana yake ni kwamba maadamu kuna maji sufuriani, nyama inaiva lakini haikaangiki. Ukielewa hilo, utajua kwa nini kavu hupikwa kwa hatua mbili.

Chukua kilo moja ya bega au mbavu, vipande vya sentimita tatu hadi nne, iliyokwisha kutiwa chumvi. Iweke katika sufuria pana yenye kitako kinene, pamoja na tangawizi iliyotwangwa na kikombe kimoja cha maji. Usiweke mafuta. Funika, acha kwa moto mdogo dakika 45 hadi 60, mpaka uma uingie bila kusukuma. Katika muda huo kolajeni inalainika na mafuta ya nyama yenyewe yanajitenga.

Sasa funua na uongeze moto. Maji yatapungua, na sauti itabadilika: mbubujiko mzito utageuka kuwa mchachariko mwembamba. Hapo maji yamekwisha na mafuta peke yake ndiyo yanayofanya kazi. Geuza vipande kwa dakika 10 hivi hadi vipate rangi pande zote. Mimina mafuta ya ziada, kisha tia kitunguu maji, pilipili hoho na kitunguu saumu kilichokatwa. Saumu huungua upesi na kuwa chungu, kwa hiyo huingia mwisho na kukaa dakika mbili tu. Epua, kamulia ndimu, nyunyizia pilipili manga.

Anayeanza na mafuta ya moto hupata nje nyeusi na ndani mbichi. Anayeanza na maji kidogo hupata nyama iliyoiva kwanza, kisha ikakaangika kwa mafuta yake.

Rosti ya haraka

Siku ya kazi, ukiwa na nusu saa tu, chukua nusu kilo ya nyama ya mgongoni. Ikate kinyume cha nyuzi, unene wa sentimita moja, na uifute ikauke, kwa sababu unyevu wa juu huchelewesha rangi. Pasha kikaango chenye mafuta kidogo hadi kiwe moto hasa, panga vipande bila kubanana, dakika mbili hadi tatu kila upande. Ukivirundika vitatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, hivyo ni afadhali kukaanga kwa awamu mbili.

Toa nyama. Kwenye kikaango hichohicho kaanga kitunguu, tangawizi na saumu, tia nyanya mbili zilizokatwa na maji robo kikombe, na ukwangue ile rangi iliyogandia chini, maana utamu mwingi uko hapo. Mchuzi ukishika, rudisha nyama pamoja na utomvu wake, dakika mbili, basi. Wali au ugali utaupokea vizuri.

Mchemsho wa nyanda za juu

Mbavu na mifupa ya shingo hupendeza kwa mchemsho wa ndizi mbichi, karoti, kabichi na hoho. Tanguliza nyama kwa saa moja, kisha ndizi na karoti, kabichi mwishoni. Mpishi wa Arusha au Mbeya aongeze muda. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Katika miji hiyo ni karibu na nyuzi 95, na mbavu zilizolainika kwa saa moja Dar es Salaam zinaweza kudai dakika 15 au 20 zaidi. Sufuria ya presha huondoa tofauti hiyo.

Baada ya chakula

Nyama iliyopikwa isikae nje zaidi ya saa mbili. Kwenye friji hudumu siku tatu, na ikipashwa ifuke mvuke hadi katikati. Mafuta uliyomimina yachuje na uyahifadhi kwenye chupa safi ndani ya friji. Kijiko kimoja kinatosha kukaangia kabichi au viazi. Kama nyumba ni ya kupanga na mnatumia jiko moja na jirani Mwislamu au Msabato, tenga sufuria, kisu na ubao wa nguruwe peke yake. Heshima hiyo ni sehemu ya upishi.

Anayeanza aanze na kavu ya bega. Bega halidhuriki ukizidisha dakika kumi, nalo hukufundisha kusikia maji yanapokwisha na mafuta yanapoanza. Ukishaweza hilo, nunua nyama ya mgongoni, ambayo haikubali uzembe. Vyombo unavyohitaji ni sufuria moja, kikaango kimoja na kisu kikali, na karibu kila nyumba inavyo.