Fundi wa Injini Ndogo

Kasongo na Kabambare mpunga ulienea katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pwani na Wangwana wao, nao hata leo ndio chakula na fedha ya nyumba nyingi. Mashine ya kuukoboa ikizimika wakati wa mavuno, akina mama hurudia kinu na mchi, na mwenye mashine hupoteza siku zake za faida. Hapo fundi hutafutwa mbio.

Kijana mwenye spana chache asitamani karakana kubwa. Aanze na chujio la hewa, maana vumbi jekundu la barabara likipenya hula pistoni na pete zake. Asafishe buji, abadili mafuta kwa wakati. Msumeno wa injini, huo hauna tangi la mafuta ya kulainisha injini: sharti yachanganywe katika esansi, na asahauye huiua upesi.

Lakini ugumu, kwa maoni yetu, uko katika deni kuliko katika spana. Fedha ya vipuri na ujira viandikwe mbalimbali katika daftari. Mjomba akija na pikipiki yake, heshima apewe, ila kipuri alipe kwanza, kwa kuwa mwenye duka mjini hamjui mjomba huyo. Ujira wa mikono twaweza kumngojea hadi auze mpunga.