Valvu za Mjomba

Jamaa zetu wengi wataikumbuka Edgware Road ya miaka ya 1960 na 1970. Migahawa ya Kiarabu haijaijaza njia bado, na ukitoka Marble Arch ukapanda hadi karibu na soko la Church Street ulikuta maduka ya vipande vya redio. Mashuhuri lilikuwa Henry's Radio, nambari 303. Huko ndiko marehemu mjomba wangu alikonunua, kidogo kidogo kila apatapo mshahara, vipande vya priamplifaya yake.

Kwa vijana wetu: hicho ni chombo kinachopokea sauti dhaifu ya sindano ya santuri na kuikuza kabla haijafika kwenye amplifaya kubwa. Ndani ya chombo cha mjomba hamna transista. Mna valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka wekundu kama makaa.

Mwaka juzi mkaza mjomba aliniita. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Baba, santuri ya Siti inavuma kama cherehani. Itengeneze nikali nasikia." Masikio yake yanapungua, na hilo sote twalijua. Santuri yenyewe ni ya Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na His Master's Voice. Ilitoka Unguja mwaka 1964 imefungwa ndani ya kanga, na haikuvunjika.

Nakiri kosa langu. Nilikwenda mbio kununua valvu nne za zamani za Mullard, kwa bei ninayoona haya kuitaja. Nikazitia. Mvumo ukabaki vile vile.

Ndipo nilipokaa kitako kujifunza. Valvu huchaguliwa kwa kazi yake, jina la kampuni huja baadaye. ECC83 hukuza kiasi cha mara 100, ECC81 mara 60, ECC82 chini ya mara 20. Zote tatu huingia katika tundu moja la pini tisa, lakini usizibadilishe ovyo, kwani saketi imepimwa kwa aina yake. ECC88 nayo pini zake za kupashia moto zimepangwa vingine kabisa. Tena msitishwe na majina mengi: 12AX7 ya Wamarekani, B759 ya GEC na CV4004 ya jeshi la Uingereza, zote ni ukoo wa ECC83. Mpya za leo hutoka Slovakia, Urusi na China, nazo hazina aibu.

Jambo kubwa ni nafasi ya kwanza. Sindano ya sumaku hutoa milivolti chache tu, na kelele yoyote inayozaliwa katika valvu ya kwanza hukuzwa na zote zinazofuata. Kwa hiyo iliyo kimya kuliko zote ikae hapo. Kuijua si kazi: ongeza sauti bila santuri, usikilize, kisha igonge polepole kwa ncha ya mpira ya penseli. Inayolia kama kengele ipeleke nyuma. Katika valvu zangu za fahari, mbili zililia! Iliyoshinda ilikuwa moja ya zile kuukuu za mjomba.

Hata hivyo mvumo ule mzito, wa umeme wa nyumba, haukutoka kwenye valvu. Kapasita za kuchuja umeme zilikuwa zimezeeka. Fundi akazibadilisha, na moto wa valvu akaupa umeme wa moja kwa moja, volti 12.6. Kazi hii mwachieni fundi. Ndani mna volti 250 au zaidi, na kapasita huweza kuzishika hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Tukatia sindano pana ya santuri za kale, ile nyembamba ya LP haifai. Mkaza mjomba akasogeza kiti, akasikiliza upande wa kwanza bila kusema neno. Ulipokwisha akauliza mbona nimekaa, kwa nini sigeuzi.

Kabatini zimebaki santuri saba. Mbili karatasi zake zimefutika na hata yeye hana hakika nani anaimba. Mwenye kuzijua sauti za zamani na apite Jumamosi yoyote alasiri. Chai ipo.