NANI ALIPE UTAFITI WA MAGONJWA YA WATOTO?

Kuuliza si ujinga. Mtoto akiugua hapa Mbooni, mzazi humkimbiza zahanati. Bili ikizidi, majirani huitwa harambee. Lakini je, kabla ya hapo, nani alitoa pesa ili daktari ajue dawa ile inamfaa mtoto, na kwa kipimo gani? Hiyo nayo ni harambee, ila wengi wetu hatujawahi kuisikia ikitangazwa.

Kwanza, tujue kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Ini na figo zake bado zinakomaa, na mwili wake huitumia dawa kwa njia yake. Kugawa tu tembe ya baba vipande viwili ni kubahatisha. Ndiyo maana ni lazima watoto wafanyiwe utafiti wao, tena kwa uangalifu mkubwa.

Hebu tutazame mfano mmoja. Kwa miaka mingi madaktari duniani waliamini kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vizuri, apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Hakuna aliyekuwa amelihakikisha jambo hilo kwa watoto wa Afrika. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2011, utafiti uitwao FEAST, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, ulifanywa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Hapa kwetu ulifanyika Kilifi. Watoto 3,141 walishiriki. Wote walitibiwa, lakini wengine walipewa maji yale ya haraka na wengine hawakupewa. Kumbe! Katika saa 48 za kwanza, waliopewa walikufa zaidi ya 10 katika kila 100, na wasiopewa walikufa kama 7. Utafiti ukasimamishwa mapema. (Watoto walioishiwa maji kwa kuhara hawakuwa katika utafiti huu. Hao wanahitaji maji, msije mkakosea.)

Sasa nani alilipia kazi hiyo? Ni Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, nayo kampuni ya Baxter ikatoa maji ya dripu. Fikirini: ni mfanyabiashara gani angetoa mamilioni ili agundue kwamba maji yapunguzwe? Faida iko wapi? Utafiti wa namna hii huhitaji pesa ambazo hazingoji faida. Pesa hizo huitwa ruzuku.

Ruzuku haiji kwa kuomba omba tu, maana mkono mtupu haulambwi. Mtafiti huanza na swali moja lililo wazi. Halafu huandika pendekezo: atachunguza watoto wangapi, kwa nini idadi hiyo, kwa muda gani, na kila shilingi itakwenda wapi, kuanzia mishahara ya wauguzi hadi nauli za wazazi. Wataalamu wengine hulisoma na kulikosoa bila huruma. Mengi hukataliwa. Kamati ya maadili nayo huuliza kama watoto watakuwa salama. Na wazazi ni lazima waelezwe kwa lugha wanayoielewa, ndipo wakubali au wakatae. Hapo, wanachama wenzangu, Kiswahili na Kikamba vina kazi kubwa! Fomu iliyotafsiriwa ovyo yaweza kumpotosha mama mzima.

Tatizo ni kwamba kibuyu cha pesa mara nyingi kimeshikwa na wageni. Katika miaka ya 1970, wakati Mbooni bado ilikuwa ndani ya Wilaya ya Machakos, surua na kifaduro vilichunguzwa kwa watoto wa Matungulu na Mbiuni na kituo cha taasisi moja ya Uholanzi. Kituo cha Kilifi cha KEMRI, kilichoanza mwaka 1989, kimetegemea sana mfuko wa Wellcome wa Uingereza. Mgala muue na haki yake mpe: wametusaidia. Lakini mgeni akibadili nia, je? Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la USAID, miradi mingi ya afya na utafiti ilikatika ghafla. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Nchi yetu haikosi sheria. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti, na ikasema upewe asilimia 2 ya pato la taifa. Kiasi hicho hakijafikiwa. Eti hakuna pesa! Mbona wazee wetu wa Ukambani walichimba matuta milimani kwa mwethya, kila mmoja na jembe lake, bila kungoja tajiri?

Mimi naona utafiti wa watoto wetu ufanywe kama mwethya. Serikali itoe fungu lake ilivyoahidi, na wageni waje kutuongezea, wasije kutuchagulia maswali. Sisi nasi tulio madarasani tusiikimbie Hesabu na Bayolojia, kwa maana mapendekezo yale hayaandikwi na malaika. Maswali yanayohusu watoto wa Mbooni yatatoka wapi kama si kwetu? Haba na haba hujaza kibaba.