KIZUNGUZUNGU KINACHORUDI: TUKIJUE, TUKITIBU



Katika vijiji vyetu wapo wenzetu wanaoishi na kizunguzungu kwa miaka mingi. Kinakuja, kinaondoka, halafu kinarudi. Wengine hukiita kisunzi. Mtu amelala vizuri. Alfajiri anajigeuza kitandani ili aamke, mara nyumba nzima inazunguka kama pia. Anashikilia kitanda. Anatapika. Baada ya muda mfupi kinatulia. Mchana yuko shambani na jembe lake, lakini anaogopa hata kuinama.

Watu wakimwona anayumba, husema amelewa. Wengine husema eti amerogwa, au ana mapepo. Basi anauza mbuzi, anauza kuku, anahangaika kwa waganga wa kienyeji. Wengine humeza dawa za malaria kila mara bila kupimwa damu. Fedha zinakwisha, ugonjwa upo pale pale. Na jambo la kusikitisha ni hili: iko aina moja ya kizunguzungu, inayowapata watu wengi sana, ambayo mara nyingi hutibiwa kwa dakika chache tu, bila sindano wala kisu. Leo tujifunze habari hiyo.

KIZUNGUZUNGU NI NINI?

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna kuishiwa nguvu na macho kuingia giza unaposimama. Hiyo mara nyingi huletwa na njaa, kiu, upungufu wa damu, au presha kushuka. Halafu kuna kile cha kuona vitu vinazunguka, na wewe umetulia. Hicho mara nyingi hutoka sikioni.

Sikioni? Ndiyo, sikioni. Sikio lina kazi mbili. Kazi ya kwanza tunaijua sote, ni kusikia. Kazi ya pili ni kutusaidia kusimama bila kuanguka. Ndani kabisa ya kila sikio, nyuma ya ngoma ya sikio, kuna vijifereji vitatu vyembamba vyenye majimaji. Ukigeuza kichwa, majimaji hayo husukumwa, nayo ubongo hupata habari kwamba umegeuka.

Hebu tukumbuke mchezo wa watoto. Mtoto anajizungusha, anazunguka wee, kisha anasimama ghafla. Bado anaona miti inazunguka, anaanguka, anacheka. Kwa nini? Kwa sababu mwili umesimama, lakini majimaji ya sikioni bado yanakwenda. Ubongo umedanganyika.

CHEMBE ZILIZOPOTEA NJIA

Karibu na vijifereji hivyo kuna chembe ndogo sana za chokaa, ndogo kuliko punje ya unga. Zina mahali pake na kazi yake. Lakini kwa sababu ya uzee, au kupigwa kichwani, chembe nyingine hung'oka na kuingia katika kijifereji. Wakati mwingine hung'oka bila sababu inayojulikana. Mtu akilala, akijigeuza, akiinama, au akitazama juu, chembe zinatembea na kusukuma majimaji. Ubongo unaambiwa, "Tunazunguka!" na kumbe hatuzunguki. Kizunguzungu hiki huwa kikali, lakini kwa kawaida hakifiki dakika moja.

Iko aina nyingine inayodumu kwa saa kadhaa. Sikio huvuma, huziba, na kusikia hupungua. Huu huitwa ugonjwa wa Ménière, kwa jina la daktari wa Ufaransa aliyeueleza mwaka 1861. Aina ya tatu huja ghafla na kudumu siku nzima au siku kadhaa, kwa sababu neva ya sikio imevimba. Pia ziko dawa zinazoweza kudhuru sikio la ndani. Sindano za streptomycin, zilizotumika sana zamani kwa kifua kikuu, ni mfano mmoja. Gentamicin ni mfano mwingine. Kwa hiyo tusijinunulie sindano dukani na kuchomana nyumbani.

TUKIFIKA ZAHANATI TUSEME NINI?

Mara nyingi tunamwambia mganga wa zahanati, "Kichwa kinaniuma, nasikia kizunguzungu," basi. Maneno hayo hayatoshi. Tueleze hivi:

1. Vitu vinazunguka, au ni macho kuingia giza?
2. Kinakaa muda gani? Sekunde, saa, au siku?
3. Kinakuja nikifanya nini? Nikijigeuza kulia au kushoto?
4. Je, sikio linavuma, linatoa usaha, au halisikii vizuri?
5. Ninatumia dawa gani? Zichukuliwe, zipelekwe zikaonekane.

Sasa tunajua kusoma na kuandika, siyo? Basi tuandike majibu hayo kwenye daftari kabla ya kwenda. Mganga atapima damu na presha. Anaweza pia kumlaza mgonjwa upesi, kichwa kimegeuzwa upande, na kuyatazama macho. Chembe zikiwa zimepotea njia, macho hucheza yenyewe. Zahanati ikishindwa, tuombe barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Madaktari wa masikio, pua na koo wapo katika hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando na KCMC.

TIBA YA KUGEUZA KICHWA

Tiba hii iligunduliwa na Daktari John Epley wa Marekani. Mwanzoni wenzake wengi hawakumwamini. Aliiandika katika jarida la madaktari mwaka 1992, na leo inatumika duniani kote. Kazi yake ni kuzirudisha chembe zilikotoka, kama mtu anavyopinda bomba ili mchanga umwagike. Tuseme sikio lenye shida ni la kulia. Hufanywa hivi:

1. Mgonjwa anakaa kitandani, miguu imenyooshwa. Anageuza kichwa kulia, nusu ya njia ya kufika begani.
2. Analazwa chali upesi, kichwa kimeshikwa, kinaning'inia kidogo nje ya kitanda. Bado kinatazama kulia. Kizunguzungu kitakuja. Asiogope. Wanangoja mpaka kitulie, yaani nusu dakika hadi dakika moja.
3. Kichwa kinageuzwa polepole upande wa kushoto. Wanangoja tena.
4. Mgonjwa analala ubavu wa kushoto, uso unatazama chini. Wanangoja tena.
5. Anainuliwa polepole na kukaa.

Kwa sikio la kushoto, pande zinabadilishwa. Wengine hupona mara ya kwanza, wengine hurudia mara mbili tatu. Mara ya kwanza ifanywe na mganga aliyefundishwa. Mwenye ugonjwa wa shingo asijaribu nyumbani. Chembe zinaweza kung'oka tena baada ya miezi au miaka. Hapo turudi kwa mganga, tusikate tamaa.

Vidonge vya kutuliza kizunguzungu hupunguza kichefuchefu, lakini havirudishi chembe mahali pake. Na tusimimine mafuta wala maji ya majani sikioni. Ngoma ya sikio huyazuia, hayafiki huko ndani. Ngoma ikiwa imetoboka, ndiyo tunaongeza ugonjwa.

HATARI! USINGOJE

Mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile, hata usiku, kizunguzungu kikija pamoja na mambo haya: mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kutoeleweka, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kabisa kusimama, au kichwa kuuma ghafla kwa nguvu nyingi. Huenda ni kiharusi. Pia akiwa na homa na shingo ngumu, au akipoteza fahamu, tusingoje kuche. Mama mjamzito mwenye kizunguzungu aende kliniki mapema.

TUISHI NACHO VIPI?

Siku za kizunguzungu tusipande mnazi wala mwembe. Tusiende ziwani peke yetu na mtumbwi. Tusiendeshe baiskeli wala pikipiki. Kuteka maji kisimani afanye mwingine. Mpishi akisikia kinaanza, akae chini mbali na moto. Asubuhi tuamke kwa hatua: kwanza tukae ukingoni mwa kitanda, kisha tusimame. Usiku tuweke taa karibu.

Lakini kulala kitandani wiki nzima siyo dawa. Kikitulia, tutembee kidogo kidogo, ili ubongo uzoee tena.

Na sisi wa nyumbani tuna wajibu. Tusimcheke mwenzetu wala kumwita mlevi. Tumpe kazi za kukaa, kama kupukuchua mahindi au kusuka ukili, mpaka apate nafuu. Tumsindikize zahanati. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Jamani, anayechekwa ataficha.

MASWALI YA KUJADILI

1. Sikio lina kazi gani mbili?
2. Kizunguzungu cha chembe kinatofautianaje na cha njaa?
3. Taja dalili nne za hatari.
4. Katika kijiji chetu, ni kazi zipi asizopaswa kufanya mwenye kizunguzungu? Nani atamsaidia?